Mshauri Asiyetoa Nasaha

Hotuba hii niliitoa mjini Lamu mbele ya wanafunzi wa ushauri nasaha, wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa madrasa na wazazi. Waliokosa mashua siku ile wameniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema. Nimeondoa picha za ukutani tu, na mzaha mmoja kuhusu punda wa jirani yangu, maana jirani yangu anajua kusoma.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu wa Mkomani na wa Langoni, mama zangu, mashekhe wetu, vijana mliovuka kutoka Mokowe asubuhi hii, na nyinyi wa Faza na Kizingitini mliolala kwa jamaa ili muwahi: starehe, starehe. Nimeambiwa nizungumze juu ya mafunzo ya kazi yetu na njia zinazotumika siku hizi. Nitaanza na jina lake, kwa sababu jina lenyewe lilinitia hasara.

Kazi yetu yaitwaje? Ushauri nasaha. Haya, niambieni: ushauri ni nini? Na nasaha ni nini? Si kitu kile kile mara mbili? Ni kama kutia sukari kwenye halua. Mtu akilisikia jina hilo huja ametandaza mikono apokee. Nasi tukishalivaa twaona aibu kumwacha aondoke mikono mitupu. Basi mimi nasema hivi, na nitalirudia mpaka mchoke: mafunzo ya mshauri huanza siku anapofundishwa kuizuia nasaha yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Acheni nitoe yangu kwanza.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa kufanya mazoezi ya vitendo katika kituo kimoja, si hapa kisiwani. Mtu wangu wa tatu alikuwa mwanamke wa pwani hii hii, mke wa mvuvi. Kusi ilikuwa imeanza, mashua ikatoka, ikaja kuonekana imepinduka. Wenzake wawili walipatikana. Yeye hakupatikana. Ilikuwa imepita miezi saba. Yule mama alikaa mbele yangu, leso mabegani, akaniambia kwamba kila usiku anaurudisha mlango lakini hautii komeo.

Na mimi, na daftari langu jipya, nikamwambia nini? Nikamwambia subira. Nikamwambia kila nafsi itaonja mauti. Nikamwambia awatazame watoto. Nilisema robo saa nzima. Akanishukuru sana, akaitengeneza leso yake, akatoka. Hakurudi tena.

Je, nilimwambia uongo? Hata. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini maneno yale alishaambiwa na mamake, na mashemeji, na majirani, na kila aliyepita barazani. Hakuja kwangu kuyasikia mara ya nane. Alikuja kutafuta pahali pa kusema, "Sijui mimi ni mke au ni mjane," na pahali hapo nikapajaza maneno yangu. Tena tazameni nilichofanya na ile aya: mume wake nilimzika mimi, kabla yeye hajawa tayari kumzika.

Miaka baadaye ndipo niliposoma kazi ya Pauline Boss, mwanamke wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alizichunguza familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Alionyesha kwamba msiba usio na maiti haupiti njia ya misiba mingine. Anayebaki anakwama, na hakwami kwa udhaifu wa imani wala wa akili. Anakwama kwa sababu jambo lenyewe halijaisha. Kwa hiyo mshauri hamsukumi afunge mlango. Anamsaidia kuishi na mambo mawili kwa wakati mmoja: huenda hatarudi, na huenda akarudi. Masuala ya eda na ya ndoa yana Kadhi wake, hayo si yangu. Yangu yalikuwa lile komeo. Ningemuuliza habari za komeo, kisha ninyamaze. Basi.

Hivi kunyamaza kunafundishwa? Kunafundishwa, tena kwa taabu.

Mwaka 1942, huko Marekani, mwanasaikolojia Carl Rogers alichapisha mazungumzo kamili ya mtu mmoja na mshauri wake, vikao vinane, neno kwa neno. Kabla ya hapo mabingwa wa fani hii walikuwa wakieleza walichofanya kwa kukumbuka, na mnajua kumbukumbu ya mtu juu ya nafsi yake mwenyewe ilivyo na huruma. Rogers alirekodi kwenye sahani za santuri, zile zilizotaka kubadilishwa kila dakika chache. Wanafunzi waliposikilizishwa sauti zao walishtuka. Kila mmoja alidhani anasikiliza, kumbe anaongoza, anahukumu, anakatiza.

Yaliyowapata yalinipata. Msimamizi wangu aliniomba rekodi ya kikao kimoja, ambayo mteja alikuwa ameiridhia. (Najua, najua, mnacheka. Huku kwetu neno hili limeharibika, ukisema "mteja wangu" watu wanafikiri unamzungumzia teja wa unga. Nivumilieni, sina jingine.) Basi tukakaa, yeye na mimi na ubao wa bao, na rekodi inasema. Akaniambia: "Kila unapomkata mtu kauli, weka kete moja kwenye shimo hili." Dakika ishirini, kete kumi na saba. Nilizihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja: "Hapa kwenye kete ya tisa, wewe uliogopa nini?"

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mafunzo. Nadharia utasoma, mitihani utapita. Lakini swali lile la kete ya tisa huwezi kujiuliza peke yako. Nilikuwa nimeogopa kilio cha yule mtu. Kilio chake kilinikumbusha kilio cha nyumbani kwetu. Ndiyo maana shule nyingi za tiba hii hutaka mwanafunzi naye akae kwenye kiti cha mteja. Wafuasi wa Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, huko mjini Berlin walilifanya sharti tangu miaka ya 1920. Mtu asiyejua jeraha lake liko wapi atalikuta kwa mgonjwa, na atalitibu kwa mgonjwa.

Nendeni Matondoni mkawaulize mafundi. Kijana anayejifunza kuunda jahazi hupewa tezo siku ya kwanza? Huanza na kushika, na kuchukua, na kukalafati chini ya jicho la fundi, na pale alipokalafati vibaya maji yenyewe yatamwambia. Sasa niulize: nani hapa angepanda jahazi kwenda Kiwayuu, na watoto wake ndani, jahazi lililoundwa na mtu aliyesomea majahazi kwa wiki mbili darasani akapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu? Mbona basi roho ya binti yako unampa?

Nchi yetu ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Sheria hiyo imeunda bodi ya kusajili watu wa kazi hii, na inataka anayeifanya awe amesajiliwa. Wanafunzi, liulizeni hilo kabla ya kulipa karo: je, kozi hii itanifikisha kwenye usajili? Nanyi wazazi, muulizeni anayejiita mshauri: umesajiliwa? Na la pili, ambalo watu hawaulizi: nani anakusimamia wewe? Akijibu kwamba ameshafika mahali hahitaji msimamizi, mshukuruni, muageni kwaheri.

Nije kwenye njia zenyewe. Ziko nyingi, sitazimaliza, na nyingine sizipendi.

Inayosomeshwa zaidi siku hizi ni tiba ya fikra na mienendo. Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, aliianzisha miaka ya 1960. Aligundua kwamba watu wenye huzuni nzito huwa na fikra za haraka zinazopita kichwani bila kuhojiwa. Mfano: unapita Usita wa Mui, njia yetu ya mjini, unamtolea mtu salamu, haitikii. Fikra inaruka: ananidharau, na kila mtu ananidharau. Unarudi nyumbani, unajifungia, kesho hutoki, na kwa kuwa hutoki hukutani na yeyote wa kukuonyesha kwamba ulikosea. Tiba inakufundisha kuikamata ile fikra, kuitaka ushahidi, kisha utoke ujaribu. Huenda yule bwana hakusikia, punda walikuwa wanapita.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, alishaandika kwamba nafsi ina maradhi yake kama mwili ulivyo na yake. Akaeleza hofu, huzuni na wasiwasi, na akashauri mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa uzima, azitumie siku ya dhiki. Zaidi ya miaka elfu kabla ya Beck! Kwa hivyo ukiwa na mwalimu wa madrasa anayeshuku kazi hii, anza naye hapo.

Sasa hili la Harare, acheni nikae nalo kidogo, kwa sababu linatuhusu sisi wa visiwani.

Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alikuwa na mgonjwa, msichana, aliyepaswa kurudi kwake hospitalini. Hakurudi. Akajiua. Mama wa msichana alipoulizwa kwa nini hawakuja, alisema hawakuwa na nauli ya basi. Nauli! Nani hapa hajawahi kusikia neno hilo? Kutoka Kizingitini hadi hapa, mashua kwenda na mashua kurudi, na siku nzima ya kazi imepotea, umwone mtu kwa nusu saa.

Chibanda hakuwa na madaktari wa kutosha wa kuwapeleka vijijini. Akawaangalia waliokuwapo, na waliokuwapo ni mabibi. Mwaka 2006 alianza na mabibi 14. Akawafunza, akaweka benchi la mbao nje ya zahanati, bibi akakaa, mtu akaja akakaa. Hawakutumia jina la ugonjwa la kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndivyo tusemavyo? "Ana mawazo." "Mawazo yamemzidi." Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha waliokaa na wale mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Benchi! Watu wa Lamu, sisi tumekalia benchi la mawe kila mlango kwa karne ngapi? Tuna baraza. Tuna somo, ambaye binti humwambia asiyomwambia mamake. Tuna bibi wa kila mtaa.

Lakini ngojeni, msipige makofi bado. Wale mabibi wa Harare hawakuokotwa wakakalishwa. Walifunzwa, walipewa utaratibu wa kufuata, walikuwa na wasimamizi, na walijua ni mtu gani apelekwe juu kwa daktari. Baraza letu lina hekima, lakini lina masikio pia. Na bibi zetu, Mungu awaweke, wana nasaha! Mnawajua. Hujamaliza sentensi ya kwanza ameshakupa tatu. Bibi naye atahitaji kete za bao.

Hata hapa Kenya limejaribiwa. Shirika la Afya Duniani lilitunga utaratibu mfupi wa vikao vitano, kila kimoja dakika tisini, unaoweza kutolewa na mtu asiye daktari, mradi amefunzwa na anasimamiwa. Una mambo manne: kutuliza mwili kwa pumzi, kulikata tatizo vipande vipande, kurudia shughuli ulizoziacha, na kuwarudia watu wako. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki ya waliopata utaratibu huo ilipungua zaidi kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu wa afya ya jamii, hilo ni lenu. Hamhitaji shahada ya uzamili kulifanya. Mnahitaji mafunzo na mtu wa kuwauliza habari ya kete ya tisa.

Kuna kosa moja naliogopa kuliko yote. Wanaokumbuka mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, na sote tunaokumbuka vifo vya Shakahola mwaka 2023 kule bara ya Malindi, wanajua kinachofuata baada ya mauti mengi. Watu wema wanakuja mbio. Wanawaketisha walionusurika kwenye duara, wanasema: semeni mlichokiona, toeni yote, mtapona. Ulikuwa ndio mtindo duniani tangu miaka ya 1980. Ulipopimwa, ikaonekana kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya baadaye, na wengine kinawaongezea. Kidonda kibichi hakichokonolewi! Siku hizi tunafuata huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa Shirika la Afya Duniani ulitoka mwaka 2011: tazama, sikiliza, unganisha. Mtu ana maji? Ana blanketi? Simu ya kumwambia mamake yu hai? Akitaka kusema, sikiliza. Asipotaka, kaa naye.

Kusimulia kuna wakati wake, na mtu wake. Kuna tiba iliyokuzwa na wanasaikolojia wa Ujerumani na kujaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda. Kamba inatandazwa sakafuni, ndiyo maisha yako. Kwa kila jema unaweka ua, kwa kila baya unaweka jiwe, kisha unatembea nayo kikao kwa kikao, tangu kuzaliwa. Mimi hutumia ukambaa na asumini. Kijana mmoja aliweka mawe sita mfululizo, akasimama, akasema hakuna ua. Tukakaa kimya. Baada ya muda akachukua asumini moja akaiweka katikati ya jiwe la tatu na la nne. "Bibi yangu alikuwa ananiletea mahamri," akasema. Hilo ua sikulitia mimi. Ningesema neno lolote katika ukimya ule, lisingepatikana.

Mwalimu mmoja aliyeketi pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: na mtu akisema ana jini, wafanyaje? Sibishani naye. Namuuliza linakuja lini, mwili unakuwaje, ameshapita kwa nani. Kisha mwili kwanza. Nimemwona binti aliyezungushwa miaka miwili kwa pepo, na ilikuwa kifafa, dawa zake zipo hospitalini. Kisomo hakikuwa kosa. Kosa ni kwamba aliyekuwa akisoma na aliye na dawa hawakuwa wakizungumza. Sheikh akinipigia simu mimi naitikia, nami naomba nikimpigia aitikie.

Na kuna swali tunaloliogopa sote. Mtu akisema amechoka na dunia, muulize waziwazi: unafikiria kujitoa uhai? Kuuliza hakumtii fikra hiyo, bali kunampa ruhusa ya kuitoa. Zamani aliyejaribu akanusurika alikuwa na kesi ya kujibu, na watu walinyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho cha sheria kinakwenda kinyume na Katiba. Woga wa polisi umepungua. Woga wa majirani bado.

Ndiyo nije kwenye siri. Macho hayana pazia, na vichochoro vyetu mnavijua: ukiingia mlango wangu saa nne, saa tano Langoni nzima inajua. Vitabu vya Ulaya vinasema usimtibu jamaa yako wala jirani yako. Lamu! Nitamtibu nani? Mtalii? Basi tumelazimika kujifundisha adabu ambazo vitabuni hazimo. Ninapokutana na mteja sokoni, simsalimu mimi kwanza. Anisalimu akitaka, apite akitaka, sitaudhika. Ofisi yangu nimeiweka penye fundi cherehani na duka la simu, ili anayepanda ngazi awe na sababu tatu. Na mke wa ami yangu akiniuliza fulani alifuata nini, humwambia alifuata kushona.

Naona mzee wa Pate anatazama saa, na namwelewa. Maji ya Mkanda, njia ya mashua zetu, yakishakupwa hayangoji hotuba ya mtu. Wenye safari tokeni sasa, msione haya. Waliobaki tugawane wawili wawili, mmoja aseme dakika tano, mwenzake asikilize bila kutoa neno. Kete ziko hapa mezani.